Mume Wangu Anaipigia Saluti Bendera ya Jirani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana siri hii nimekaa nayo wiki tatu. Mume wangu alikuwa mlinzi wa hospitali ya serikali, miaka ishirini na saba kupandisha bendera pale ilikuwa kazi yake, na alipostaafu akasimika mlingoti wa bomba hapa uani, kwa sababu kitinda mimba wetu alizaliwa miezi haijatimia, wakamweka pale hospitalini kwenye mashine wiki tano mpaka akawa mtu, na baba watoto husema, "Nchi ilinilelea mwanangu, nitaachaje kusema asante?"

Sasa mimi ni fundi cherehani, na siku hiyo nilikuwa naipiga pasi bendera huku nagombana na mteja aliyenenepa halafu anadai nimembania gauni, kwa hasira pasi nikaisahau, bendera ikatoboka tundu la kupita sahani, nikaogopa, nikachukua vitambaa nikashona nyingine harakaharaka kwa kichwa tu, mume wangu akaipandisha, akaipigia saluti, nikamshukuru Mungu. Siku chache baadaye kitinda mimba akaja na kitabu cha shule, "Mama, mbona bendera yetu ni hii ya nchi jirani?" Nikaangalia, mstari wa juu nimeuweka katikati na wa katikati nimeuweka juu, yaani mume wangu kila asubuhi anaishukuru nchi ya watu!

Na kinachoniumiza, mapenzi yake kwa bendera hiyo ndiyo yamezidi. Siku hizi anaipandisha alfajiri na kuishusha kabla mtaa haujaamka vizuri, wageni wakija anasema imefuliwa, na sisi anatuamuru tuimbe wimbo wa taifa tumefumba macho ili uingie moyoni. Jumamosi ni sikukuu ya taifa, mwenyekiti wa mtaa analeta watu waje kuimba uani kwetu. Nikisema, si nitamvunja moyo? Nikinyamaza, si ataaibika?

Fundi wa Pasi ya Moto

JIBU: Fundi, pole. Nimecheka kwanza, nikakuonea huruma, sasa nakusema. Kiuno cha mteja unakipima mara mbili, nchi nzima unaikadiria kwa macho!

Haya, isome tena barua yako mwenyewe. Mtu aliyepandisha bendera miaka ishirini na saba hadanganywi na mistari mitatu. Mumeo aliijua siku ileile. Alipiga saluti kwa sababu ulikuwa umesimama pale unamtazama, na tangu hapo anaamka alfajiri kukufichia aibu. Wageni anawadanganya kwa ajili yako. Macho mnafumba kwa ajili yako, mama!

Mficha uchi hazai. Leo waambie wateja umefunga, na yule wa gauni asubiri, mwili wenyewe bado haujaamua. Mwite mumeo, mweleze yote, usilie sana ukalowesha kitambaa. Fungua kitabu cha mtoto mezani, mumeo akutajie rangi moja moja wakati unashona. Ile ya majirani ikunje vizuri uiweke kabatini, nayo ina wenyewe wanaoipenda.

Jumamosi ipandisheni pamoja, jua likiwa limeshawaka, na muimbe macho wazi. Mkimaliza kuishukuru nchi, geuka umtazame huyo mlinzi wako, umpigie saluti na yeye.