Mvua ya Bustani ya Kanyenye

Jumatatu, 10 Novemba 2025
Kipimo cha mvua kikavu tena. Nimefuta vumbi, kimetuma sifuri Dar chenyewe, nimekunywa chai. Dakta amefika toka Dar, makao makuu ya taasisi yetu ya chuo. Bingwa wa bahari. Tabora! Kaamuru kipimo kitolewe uwanja wa shule kiwekwe kwenye bustani ya gesti aliyofikia hapa Kanyenye, ili wageni wa uzinduzi wa mradi wetu wa kuwatumia wakulima taarifa za mvua wapige picha. Nimehamisha. Mshahara ni mshahara.

Jumatano, 12 Novemba
Wenye gesti wamemwagilia nyasi asubuhi nzima zipendeze. Mpira wa maji ukaelekea kwenye kipimo. Kompyuta ya Dar ikasoma mvua kubwa. Dakta anachekacheka peke yake, eti alishatabiri. Nimemwambia ni mpira wa bustani. Kasema tutalitazama baada ya uzinduzi. Nguo zangu kwenye kamba zilikauka kabla ya saa nne. Msomi mzima hajainua hata macho juu.

Alhamisi, 13 Novemba
Ujumbe umeingia kwenye simu za wakulima wote wa mradi: mvua imeanza mjini, inakuja vijijini, wahini kupanda. Mama yangu yuko kijijini Puge, naye yumo kwenye mradi. Ana debe moja tu la mbegu ya karanga. Nimempigia mchana kutwa, hapatikani. Nimemwomba Dakta tutume masahihisho. Kasema mfadhili atatuonaje. Namdharau.

Ijumaa, 14 Novemba
Uzinduzi. Pilau, fulana, ngoma ya kukodi. Nilisimama mbele ya wageni nikasema ile mvua ilikuwa ya mpira. Dakta akatabasamu.

"Binti yetu amechoka."

Wakampigia makofi. Nikaambiwa nikabidhi funguo za ofisi. Nimeziacha juu ya pilau lake.

Jumapili, 16 Novemba
Puge. Nilimwamkia Mama shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Kapanda debe zima kwenye udongo mkavu, akisubiri mvua yetu. Misa tumeikosa. Tumepiga magoti shambani, tunafukua karanga moja moja kabla kuku na kanga hawajazimaliza. Nimemwomba radhi. Akaendelea kufukua. Mpaka saa nane tulikuwa tumeokoa kama nusu. Ndipo akasema.

"Majirani walisita. Mimi ndiye niliyewaambia wapande, mwanangu yuko huko, hawezi kutudanganya."

Akajifuta mikono kwenye kanga yake. Tukahamia shamba la jirani.