Bomu la Papa Bondeni

Jumatatu, tarehe 6
Nimemunyoa papa yangu muzazi ndevu. Hatulii, anageuza kichwa ovyo. Nikamukemea: tulia, muzee, nitakukata! Daktari anasema moyo umechoka. Padri alitaka kuja kumupaka mafuta ya wagonjwa, papa amekataa. Nikauliza kwa nini. Nilipomaliza shavu la pili, akasema yote.

Miaka yote najua tu alikuwa piloti wa ndege ya vita. Picha moja ukutani, basi. Kumbe siku moja wakubwa wake wa jeshi walimuamuru apige kijiji juu ya kilima, kule Masisi. Ati waasi wamejificha humo. Yeye akaona akina mama wanakimbia na watoto mugongoni. Akapita. Bomu akaliachia bondeni, ndani ya ukungu, akarudi kusema kazi imefanyika. Njiani ndipo akakumbuka ni kiangazi. Kiangazi wachungaji wanashusha ng'ombe bondeni. Yeye mutoto wa wafugaji, na akasahau!

Anataka kujua kitu kimoja mbele ya kufa: aliua watu ama hakuua. Padri asije mpaka ajue.

Jumatano, tarehe 8
Mama Vestine, anayetuletea maziwa hapa mutaani Majengo, ni wa kilima kile kile. Miaka tisa nanunua kwake. Leo nimeogopa kumuuliza. Akisema kaka yake alikufia bondeni, nitamwambia nini papa? Nimenunua litre mbili bila sababu. Mujinga kabisa mimi.

Alhamisi, tarehe 9
Nimemuuliza Vestine kuhusu ile ndege na lile bomu. Akaweka bidoni ya maziwa chini, akaniangalia sana.

"Huyo piloti ni papa yako?"

Nikakubali. Akasema atakuja Jumamosi kuongea na muzee mwenyewe. Akaenda zake. 

Ijumaa, tarehe 10
Papa amekataa uji. Nimeunguza maharagi. Hasira kwa kila mutu: kwa papa, kwa Vestine, kwa wale waliomutuma.

Jumamosi, tarehe 11
Amekuja. Papa alijilazimisha kusimama, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni.

"Kaa, muzee," Vestine akasema. "Mutu hakufa. Wachungaji walikuwa wameacha ng'ombe, wamepanda kwenye chemchemi kunywa maji. Walikufa ng'ombe wawili wa papa yangu."

Asante Mungu! Nikashika ukuta.

Papa akauliza: "Majina ya hao ng'ombe?"

Nikafikiri akili imehama. Vestine hakushangaa hata kidogo; kwa wafugaji kila ng'ombe ana jina lake.

"Gaju na Bihogo."

Papa akamutaja Gaju, akaomba musamaha. Akamutaja Bihogo, akaomba tena. Polepole, kama mutu anayewajua. Kisha akalia. Vestine akamushika mukono, akamwambia kwao wanasimulia mpaka leo ile ndege iliyopita bila kupiga. Mama yake alikuwa kati ya wale waliokimbia.

"Mimi ndiye nilikuwa mugongoni mwake," akasema.

Tumelia wote watatu. Maziwa niliyotia motoni yakafurika jikoni, hakuna aliyejali.

Jumapili, tarehe 12
Padri amekuja baada ya misa. Papa amepakwa mafuta, akala ndizi mbili.

Mchana ameanza kuongea bila kuulizwa. Ameinua kiganja juu ya blanketi, akanionyesha namna ndege inavyolala ubavu juu ya ziwa, namna volkano ya Nyiragongo inavyopita chini ya bawa. Hapa unavuta usukani. Hapa unaacha. Anacheka.

Papa alipenda kuruka angani. Nimeishi naye maisha yote, na sikujua.