Msalaba Usiopakwa Vanishi

Ni mwaka mmoja sasa, Kaka Kasiani, tangu tulipokuzika na kukusimikia msalaba ambao nilikuwa nimeumaliza saa mbili tu kabla ya maziko. Wengi waliokuwepo hawajui ulivyopatikana. Leo nawaambia, na wewe ukisikia.

Mimi si mtu wa maneno. Shule niliacha darasa la tano, na wewe ndiye uliyenishikisha msumeno. Mkeo Veridiana kaniambia, "Baba Oliva, andika wewe. Sisi wengine tutaandika kwamba alikuwa mtu mwema, na hilo kila mtu analijua." Basi naandika.

Ulipokuwa kijana, kwenye chuo cha ufundi Masasi, alikuja mwalimu Mjapani, Mzee Okabe, seremala wa nyumba za ibada za kwao. Alikaa miaka miwili. Alipoondoka alikuachia randa yake. Ulipoileta nyumbani Newala tulicheka mpaka ukacheka na wewe. Kipande cha mti mgumu, bapa, hakina mkono wala skrubu, kisu kimekazwa kwa kugongwa na kinyundo. Dada yetu Severina aliuliza kama ni kibao cha kukatia mboga.

Randa zetu tunazisukuma. Ile ulikuwa unaivuta, ukirudi nyuma hatua kwa hatua kama mtu anayemwongoza mbuzi kwa kamba. Watoto wa jirani walikuita fundi wa kinyumenyume. Uliwaitikia.

Ulijaribu kunieleza mara nyingi. "Msasa unakwangua, Dickson. Unazichana nyuzi za mti na kuziacha zimesimama kama nywele. Maji yakija yanapata pa kushika. Kisu kikali kinakata mara moja, na mti unabaki umefunga mlango." Mimi nilisikia hadithi ya mzungu mwingine. Nilinunua randa ya umeme na mashine ya msasa, nikafungua kiwanda changu Mkomaindo, kule Masasi.

Kila nikipanda Newala nilikutania.

"Kaka, mlango mmoja siku nne? Mimi wiki hii nimetoa sita."

"Sita umeikwangua. Mimi mmoja nimeukata."

"Mteja haoni tofauti."

"Mteja haoni," ukasema. "Mvua inaona."

Ulisema pia vumbi langu litaniua. Ukanitangulia wewe, ambaye bandani kwako hapakuwa na vumbi, ila maranda mepesi tu, ambayo wanao Flora na Anthony walijitengenezea vilemba. Hilo bado linaniudhi.

Jambo moja lilitushinda sote: kinoo chako. Hakikubali kunoa kikavu. Kilitaka maji, na Newala maji ni kitu cha kutafuta. Severina alikuwa anasema, "Watu wanateremka bondeni na ndoo kichwani, mwenzetu ananywesha jiwe." Lakini mkeo alituambia baadaye kwamba siku za kunoa ulikuwa hauogi. Ulinawa uso tu, kopo lako la kuoga ukalimimina kwenye jiwe. Yale maji meusi yaliyobaki uliyapeleka kwenye mche wa limau nyuma ya banda.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa. Ulikuwa ukipitisha kiganja kwenye ubao umefumba macho. Mtu akikuharakisha ulimwambia, "Mti hauna basi la kuwahi." Chai ulikunywa ya rangi, na muhogo wa kuchoma, umesimama.

Sasa niseme lile gumu. Mama alipofariki, miaka sita iliyopita, msalaba wake niliutengeneza mimi. Mninga mzuri. Mashine, msasa, vanishi mara tatu. Uling'aa, watu wakanisifu. Na wewe ulisema, "Umemfanyia Mama vizuri." Masika ya pili vanishi ilivimba, ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mti ukageuka kijivu, ukaota manyoya. Wewe ulipita pale kila Jumapili baada ya ibada. Hukuniambia neno hata moja, mpaka unakufa. Mimi niliacha kupita upande ule.

Ulipolazwa hospitali Mkomaindo nilikuja kila jioni nikitoka kazini, nguo zimejaa vumbi. Siku moja ukanishika mkono.

"Dickson."

"Naam, kaka."

"Msalaba wangu utautengeneza wewe."

"Usiongee hivyo."

"Naongea. Kwa randa yangu. Msasa usiguse, vanishi usipake."

"Kaka, ile randa siiwezi. Unajua siiwezi."

"Najua," ukasema, ukafumba macho. Nikadhani umelala. "Ubao uko darini. Chukua wa kushoto. Wa kulia una fundo."

Siku tano baadaye tulikupandisha Newala. Jeneza walilitengeneza mafundi wenzako. Mimi asubuhi ya maziko nikaingia bandani kwako na ule ubao wa mninga. Naungama hapa mbele ya wote kwamba kwenye begi nilikuwa nimeificha randa ya umeme, kwa tahadhari. Rafiki yako Mahmudu, mwenye duka la misumari na bawaba, alikuja kunishikia ubao.

Nilivuta mara ya kwanza, randa ikaruka na kunyofoa kipande kama cha kidole. Nikageuza ubao, nikafuata nyuzi ulivyonifundisha. Ikatoa vumbi na vijipande vilivyovunjika. Nikakandamiza kwa nguvu zote, ikakwama kabisa. Jasho lilikuwa linadondokea ubao. Ng'ambo ya ukuta akina mama walikuwa wanaimba, na kaburi lilikuwa linachimbwa.

Mahmudu akauliza, "Umenoa?"

"Nimenoa."

"Kwa maji?"

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, kaka. Kisima chako cha maji ya mvua kilikuwa kimebaki tope. Kwenye mapipa yalikuwepo maji yaliyotolewa bondeni, ya wafiwa na wageni, na wageni walikuwa bado wanakuja kutoka Masasi. Nani angeyachukua amwagie jiwe? Nilikuwa nimenoa kikavu, nikatemea mate. Mtu yeyote wa Newala angefanya hivyo. Kinoo kilikuwa kimeziba, na kisu hakikuwa kikali, kilikuwa na joto tu.

"Mahmudu," nikasema, "nipe hilo begi."

Alijua kilichokuwemo. Hakusogea. "Chukua mwenyewe, Baba Oliva. Mimi mkono wangu hautakuwemo."

Nikalichukua mwenyewe. Nilikuwa naufungua waya wakati Veridiana alipotoka ndani. Mjane, siku ya maziko ya mumewe, akatoka kwenye mkeka. Nilisikia wanawake wakinong'ona nyuma yake. Alikuwa amebeba ndoo imejaa. Akaitua mbele yangu, karibu na kinoo.

"Shemeji, hayo ni ya wageni."

"Wageni watakunywa kidogo kidogo. Nywesha jiwe."

"Mama Flora, watu watasema."

"Walisema miaka thelathini, na yeye alinoa."

Nikapiga magoti ulivyokuwa ukipiga wewe. Nilinoa mpaka tope la jiwe likawa jeusi na jepesi kama maziwa, nikaongeza maji, nikanoa tena, nikajaribu kisu kwenye mkono na kikanyoa nywele bila mimi kukisikia. Nikakipachika. Nikakigonga kwa kinyundo chako, kidogo, kidogo, mpaka kikachungulia tu. Sikukandamiza. Nilivuta, nikarudi nyuma.

Kulikuwa na sauti kama ya mtu anayepuliza chai ya moto. Randa la mti likatoka zima, upana wa kile chombo chenyewe, urefu wa ubao mzima, halikukatika. Upepo ukalinyanyua. Mahmudu akalidaka, akalilaza juu ya kiganja chake, na tukaona mistari ya kiganja kupitia kwenye mti. Akasema, "Subhanallah," kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Nikatazama chini. Kaka, mninga nimeushika tangu utotoni. Siku ile nikajua nilikuwa sijawahi kuuona. Ulikuwa mwekundu na wa dhahabu, nyuzi zake zinakwenda ndani kama maji yenye kina. Mwanga wa mlango ulikuwa umelala juu yake. Wekundu wa kanga ya Veridiana ulionekana mle. Hakuna mafuta, hakuna vanishi, hakuna kitu chochote, ila kisu kilichopita. Niliogopa kuugusa. Nilipopitisha kiganja ulikuwa wa baridi, kama ubavu wa mtungi. Nilisimama na randa mkononi, mtu wa miaka arobaini na tisa, fundi wa milango sita kwa wiki.

Wanawake wakaja mlangoni. Kunong'ona kukaisha. Severina, yule yule wa kibao cha mboga, akachovya vidole kwenye ndoo, akanyunyizia ubao. Matone yakasimama duara, kila moja peke yake. Alipouinamisha yakakimbia yote, ubao ukabaki mkavu.

"Kumbe jiwe halikunywa bure," akasema, na hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Hakuna mgeni aliyelala na kiu siku ile.

Halafu zikaja mvua. Kila iliponyesha kubwa nilipanda kutoka Masasi kwenda kuangalia, kwa kuwa neno ulilonipa halikuwa la siku moja. Kama msalaba wako nao ungeota manyoya, ningekuwa nimewaharibia wawili, Mama na wewe. Niliusimamia msalaba wako kwenye mvua, nimelowa, nikatazama maji yakiukimbia kama yanavyolikimbia jani la gimbi. Mwezi wa tano jua lilipokaza nikapitisha kidole. Umefifia rangi kidogo. Ni laini vile vile. Pembeni yake ulikuwa wa Mama, kijivu, wenye ndevu. Nilisimama katikati yenu nikaelewa umepita hapo Jumapili ngapi ukiwa umefunga mdomo.

Sitakudanganya kaburini: mashine zangu sijaziuza. Zinapunguza unene, zinaokoa mgongo. Ila mkono wa mwisho kwa kila mlango ni randa yako, na kopo moja la maji ni la jiwe. Wateja wananung'unika. Juzi mmoja aliniambia, "Fundi, mlango wiki mbili?" Nikamwambia mvua inaona. Hakunielewa. Simlaumu, mimi mwenyewe ilinichukua miaka ishirini.

Mwezi wa nane niling'oa msalaba wa Mama nikauleta bandani kwako. Veridiana alileta kopo la maji kabla sijaomba. Nilivuta mara tano. Maranda ya kwanza yalitoka ya kijivu na kuvunjika, la tano likatoka zima, jekundu. Chini ya yale manyoya mninga ulikuwepo muda wote, mzima, kama siku ulipopasuliwa. Maji meusi nimemwagia mlimau wako. Umezaa.

Jumamosi hii, baada ya misa ya kumbukumbu nyumbani Newala, tutausimika wa Mama upya kando ya wako. Haukupakwa kitu. Atakayependa aje aushike.

Tunaokukumbuka ni mkeo Veridiana, wanao Flora na Anthony, dada yako Severina, rafiki yako Mahmudu, wanangu Oliva na Yeremia, na mimi mdogo wako Dickson, niliyecheka.

Daima tutakukumbuka, Kaka, jua likiwaka na mvua ikija. Wiki hii mawingu yameanza kujikusanya upande wa Ruvuma. Acha inyeshe.