Gauni la Mama Limepungua

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili mchana

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Habari za huko mbali? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku wazima. Dada tumbo limeshuka, anatembea kashika kiuno, ila anakula vizuri na maneno hayajapungua. Baba naye yupo, redio sikioni.

Mama Mdogo, usicheke. Siku hizi nashona. Kuna kina mama wanakutana ukumbini nyuma ya zahanati, wana chama chao cha kushona mablanketi ya viraka. Nilikwenda kuwatengenezea taa, nikabaki naangalia mikono yao. Mwanamume ni mimi peke yangu. Wananiita Bwana Sindano, naona aibu mpaka masikio yanawaka, lakini siachi kwenda.

Nimejifunza kupanga rangi. Unatandaza vipande chini, unapanda juu ya kiti, unafumba macho nusu. Hapo rangi inayopiga kelele unaiona, unaihamisha.

Sasa Dada akanipa lile gauni la marehemu mama, la maua ya bluu, nimshonee mtoto blanketi. Anataka mtoto alale kama kapakatwa na bibi yake. Nikakata mwenyewe, vipande sawasawa kama vigae. Nikajiona fundi. Mwalimu wetu wa kushona akachukua kimoja, akakigeuza.

"Bwana Sindano, nafasi ya mshono umemwachia nani?"

Ukumbi mzima ukacheka. Kumbe kila kipande kinaliwa pembeni ukishona! Nilipounganisha, likatoka blanketi la kumfunika mdoli. Mwalimu alipoona mimi sicheki, naye akaacha.

"Tafuta kitambaa kilekile, mwanangu. Tutazungushia pembeni."

Madukani nimezunguka, hakipo. Dada kila jioni, "Limefika wapi?" Nasema linakuja.

Ndiyo nikakumbuka wewe na mama mlishona magauni ya sare, kitambaa kimoja. Kwa simu nimeshindwa kukuomba, ndiyo maana naandika. Upindo wa chini tu wa gauni lako ungetosha.

Baba Mdogo mpe salamu zangu, na wale mapacha wako waambie nimewakumbuka. Mungu akulinde huko uliko.

Lakini kuhusu gauni, najua mama alikuwa dada yako kabla hajawa mama yangu. Ukiona mkasi haupiti, usilikate. Dada nitamwambia ukweli mwenyewe. Wewe njoo umelivaa, umpakate mtoto.

Mimi mwanao, nikupendaye bila maneno mengi,
Kimya