Tunanunua Gari au Tunamnunua Baba?

Mpendwa mshauri, pole na kazi ya kubeba vilio vya watu, leo naomba nikuongezee na changu, maana hapa nyumbani mimi na baba watoto tunapitishiana maneno kwa watoto kama majirani waliogombana, na kisa chenyewe ukikisikia utacheka: ni gari.

Mimi nashona mapazia, mwenzangu ni mwalimu, tuna watoto watatu na mama yangu mzazi tunakaa naye, magoti yake siku hizi hayamtii. Tumejinyima muda mrefu tupate gari la mtumba la dizeli la kubeba familia nzima, na baada ya kuzunguka kote yamebaki mawili. La kwanza ni la mkunga mmoja mstaafu, refu, rangi ya maziwa, lenye kile kiti cha nyuma kabisa kinachotazama kule mlikotoka. Mshauri, nilipoliona nililikimbilia, maana marehemu baba yangu, mpima ardhi, alikuwa nalo kama hilohilo, na sisi watoto tulikuwa tunapangwa kwenye kiti hicho pamoja na vyombo vyake vya kupimia, tunawapungia mkono wanaobaki, tunaimba mpaka sauti zinakauka, na kabla ya kuwasha baba alikuwa anasubiri ile taa ndogo ya njano ya kupasha injini moto izime, anasema, "Mwacheni ajinyooshe kwanza," nasi kimya, hata kukohoa hatukohoi. Nilipofungua mlango ile harufu ya dizeli na viti vilivyopigwa jua ikanipokea, nikakaa kwenye usukani nikalia mbele ya watu nisiowajua. Yule mkunga akanipa kitambaa, akasema, "Lia tu, mwanangu. Hata mimi naliuza kwa machozi, marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa analiendesha." Lilipowaka likatoa moshi wa bluu, naye hakuficha: "Asubuhi linakohoa kidogo."

La pili ni la kijivu, la juzijuzi, lina turbo, viti saba, kila kiti na mkanda wake, na mlango wa ubavuni unaoteleza. Dalali alilileta limeshawashwa, linang'aa mpaka injini. Baba watoto akalipenda palepale. Nikamwambia halina roho. Akanijibu, "Mke wangu, tunanunua gari au tunamnunua baba yako?" Neno hilo likanichoma, nikamrudishia kwamba mtu ambaye baba yake hakuwahi kumpeleka popote hawezi kujua. Mshauri, baba yake aliwatoroka yeye akiwa mdogo. Akabeba kazi zake za shule akaenda kukaa jikoni.

Basi nikaona nimpeleke mama awe hakimu, nikijua yuko upande wangu. Kumpandisha gari la mkunga ikawa kazi, huku tunasukuma, huku tunavuta. Alipokaa akapapasa dashibodi, akatabasamu, nikajua nimeshinda. Mara akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Lilinitesa hili!" akasema. "Wewe uko nyuma unaimba, unadhani asubuhi za baridi alikuwa analisukuma nani? Baba yako ameshika usukani, anapiga kelele, 'Ongeza nguvu, mama watoto!' Na mimi nina mimba ya mdogo wako, viatu mkononi."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo hukulipenda?"

"Nilimpenda baba yako. Gari lake, hapana."

Tangu siku hiyo nimenyong'onyea, naona kama hata utoto wangu nimenyang'anywa. Mkunga anasubiri jibu, dalali hachoki kupiga simu, mume wangu kasema nichague mwenyewe asije akalaumiwa. Nichague lipi?

Binti wa mpima ardhi

*

Binti wa mpima ardhi, pole. Kumlilia mzazi si ujinga, hata kama ni ndani ya gari la watu. Lakini sasa futa machozi, tuongee.

Hukunyang'anywa kitu. Ulikuwa na safari isiyo na asubuhi yake, mama amekupa asubuhi. Kaa naye akumalizie hadithi wakati bado anacheka.

La mkunga liache. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hicho si kikohozi, ni ugonjwa. Sisi tulirushwarushwa nyuma kama viazi tukafika salama kwa bahati; wanao usiwajaribie bahati. Na mama apandishwe kama gunia kila siku ya kliniki? Mpigie mkunga umwambie ukweli, asisubiri bure.

Ila usimkimbilie dalali. Mumeo naye kapenda kwa macho. Injini iliyooshwa na kupashwa moto kabla hamjaliona gari ina la kuficha, au mwenyewe ana haraka. Nendeni asubuhi linapolala, shikeni boneti iwe baridi, ndipo liwashwe mkiona. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga mafuta si neno. Wa bluu, au mweupe usiokatika, ageni muondoke. Mchukue fundi wenu, si wake. Pandeni wote, mpande nalo mlima, msikilize kama turbo inapiga filimbi, maana filimbi kali ni dalili kwamba imechoka. Mama aingie na kutoka mwenyewe. Likifaulu, nunueni. Likishindwa, magari hayajaisha duniani.

Sasa lile neno ulilomtupia mumeo. Hapo nimekukasirikia. Wewe una baba wa kumlilia, yeye ana pengo. Mtu wa namna hiyo akitafuta gari ambalo kila mtoto ana mkanda wake, hujaona anatafuta nini? Mwombe radhi leo, uso kwa uso, watoto wasiwe matarishi, na usitaje gari hata kidogo.

Iko siku mwanao mmoja, mtu mzima na ndevu zake, ataona gari la kijivu kuukuu barabarani na macho yatamlengalenga. Kitakachomliza si gari. Ni mlivyokuwa mnaongea mle ndani. Basi anzeni kuongea.