Kicheko cha Wodini

Dada yangu Mwanahamisi,

Shikamoo, ingawa marahaba yako najua haitanifikia.

Tangu tukuzike kijijini kwetu Tongoni sili vizuri, silali, na kidonda kidogo cha mguuni kinagoma kupona. Jana daktari alinipa vidonge vya huzuni. Viko mezani, tunatazamana.

Unaikumbuka ile wodi ya kifua kikuu Tanga, miaka ya hamsini, nami mwalimu mgeni kazini? Ulikuwa umelala miezi, uso umeuelekeza ukutani. Kisha wakakuanzishia vidonge vipya vya kifua. Ijumaa moja nikaja na mkate wa kumimina, nikakukuta umejifunga kanga kiunoni, unawafundisha wagonjwa wenzio ngoma ya lelemama.

"Mwalimu, mchukue dada yako," muuguzi akasema, "ataniharibia wodi."

"Nimepona," ukasema. "Nipeleke nyumbani."

"Umechangamka. Kupona ni kitu kingine. Makohozi yamepimwa?" nikakuuliza.

"Wewe hata furaha ya mtu unaisahihisha kwa wino mwekundu."

Yakapimwa, yakakutwa na vijidudu bado. Ukabaki, umeninunia. Mapafu yalipopona kweli, vidonge vikakoma, na haukupita muda kicheko nacho kikafifia. Tulipokuwa tukirudi Tongoni ukaniuliza, "Kifua mmenirudishia. Kile kicheko, kilikuwa changu au cha vidonge?"

Baadaye nilisoma kwamba madaktari wa nchi za mbali nao waliona wagonjwa wa kifua wakichangamka hivyo kwa dawa ya namna hiyo, na udadisi wao ukazaa dawa za huzuni. Kwa hiyo hivi vya mezani kwangu ni ukoo mmoja na vile vyako.

Niruhusu darasa fupi, ulizoea. Mwili una askari wake wa kupambana na maradhi. Huzuni ikikaa sana, baadhi yao hukesha wakipiga kelele pasipo mwizi, na mwili huchoka kwa vita visivyo na adui, hata kidonda kikachelewa kupona. Daktari anasema kwa baadhi ya watu vidonge hivi huonekana kuwatuliza askari hao, lakini namna vinavyofanya hivyo haijajulikana yote.

Hapo ndipo ninaposhuku. Nikamuuliza, "Askari aliyetulizwa, mwizi wa kweli akija ataamka?"

"Hatuvitoi ili kuwalaza, mzee. Tunataka wapunguze kelele. Na kile kidonda njoo nikitazame kila juma."

Jibu zuri, ila wewe pia ulinijibu vizuri, "Nimepona," na kifua kilikuwa bado kinaungua.

Hata hivyo sasa hivi nimekimeza cha kwanza, kwa maji ya mtungi wako. Kidonda kitapimwa, kama makohozi yako yalivyopimwa. Na siku nitakayocheka, nitajiuliza swali lako. Ila kando ya kicheko hicho nitaweka alama ya kuuliza kwa penseli, dada. Wino mwekundu nimeuacha.

Lala salama.

Mdogo wako, mwalimu