Beki Mkongwe Aliyechukua Nafasi Yangu

Mjukuu wangu Amina,

Salamu kutoka Schaerbeek, huku ughaibuni. Mama amepona kikohozi, nami nimemaliza shule. Bado naona haya ukiniita bibi wakati nimekupita miaka saba tu, lakini nyanya yako na mimi ni watoto wa baba mmoja, basi nitajibu kama bibi.

Umeniuliza kama timu yenu ya wasichana imlipe beki mkongwe fedha zote mlizochanga kwa ajili ya jezi. Sisi tulifanya hivyo mwaka jana. Beki tuliyemlipa, Maman Rehema, alikuwa na miaka thelathini na saba, na nafasi aliyoitaka ilikuwa yangu. Kocha wetu, tonton Yusufu, yaani mjomba kama tunavyomwita huku, aliniuliza mbele ya wote kama nakubali. Nikainamisha kichwa.

“Kanyamaza kama bibi harusi,” akasema, “basi amekubali!”

Wakacheka, nami nikaenda benchi.

Baada ya mechi tatu, Rehema akaja kuketi kando yangu, akikanda magoti.

“Mutoto, ulikubali kweli?”

“Hapana.”

“Alors, basi kamwambie!”

Nikamwambia kocha. Rehema akahamia katikati, nami nikarudi pembeni, yeye akinifokea kila mechi: “Panda! Rudi! Umelala?” Sijawahi kujifunza haraka vile.

Kwa hiyo mchukueni, hata mkicheza na jezi kuukuu. Ila kwanza muulizeni atakayempisha, na msubiri ajibu kwa mdomo wake. Umeniandikia kurasa tatu bila kutaja unacheza nafasi gani. Kama ni ya beki, Amina, sema.

Bibi yako mdogo,
Zuhura